Jean-Henri Fabre: Mwalimu Aliyeichunguza Taa ya Kimulimuli

Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Wasifu mzuri hauishii kutaja tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Huonyesha mhusika alitaka nini, alizuiwa na nini, na aliacha nini nyuma yake.

Wasifu huu ni wa Jean-Henri Fabre, Mfaransa aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Unapousoma, tenganisha kila mara maswali mawili: jambo hutokea namna gani, na hutokea kwa nini. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kujibu swali moja mahali palipoulizwa jingine. Fabre aliyatenganisha maswali hayo maisha yake yote. Mdudu mmoja mdogo anayewaka usiku ndiye atakayekuonyesha jinsi alivyofanya.

Mdudu huyo huenda unamjua. Ni kimulimuli, ambaye wengine humwita kimetameta. Vimulimuli wengi wa kwetu huwaka na kuzima huku wakiruka. Yule aliyechunguzwa na Fabre kusini mwa Ufaransa ni wa familia hiyohiyo ya Lampyridae, lakini ni wa spishi nyingine iitwayo Lampyris noctiluca. Jike lake halina mabawa. Hupanda juu ya unyasi, akatulia na kuwaka kwa muda mrefu bila kumetameta.

1. Utoto na elimu

Fabre alizaliwa Desemba 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa maskini. Ili kupunguza idadi ya midomo ya kulishwa nyumbani, alipelekwa akiwa mdogo sana kuishi kwa babu na bibi yake huko Malaval, kwenye shamba la milimani. Huko hakukuwa na vitabu wala mtu wa kumfundisha habari za wadudu.

Hata hivyo, jaribio lake la kwanza alilifanya akiwa na umri wa miaka mitano au sita. Siku moja alisimama juani akajiuliza kama utukufu ule wa jua alikuwa akiupokea kwa mdomo au kwa macho. Alifumba macho akaacha mdomo wazi: jua likatoweka. Alifunga mdomo akafumbua macho: jua likarudi. Alirudia tena, na matokeo yakawa yaleyale. Jioni alipowaeleza wa nyumbani kwamba amegundua kuwa tunaona kwa macho, walimcheka. Wewe usimcheke. Mtoto yule alibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, akatazama matokeo, kisha akarudia ili kuthibitisha. Hiyo ndiyo njia ya majaribio unayoitumia maabara.

Alipofika umri wa miaka kumi, familia ilihamia mjini Rodez, ambako baba yake alifungua mkahawa. Fabre alisoma bila kulipa karo kwa sababu alihudumu katika kanisa la shule. Biashara ya baba haikudumu. Familia ilihama mji baada ya mji, na mkahawa baada ya mkahawa ukafungwa. Mwishowe kijana alilazimika kujitafutia riziki. Aliuza malimau kwenye maonyesho ya Beaucaire na kufanya kibarua cha kujenga reli.

Kisha akasikia habari za mtihani wa kugombea nafasi ya ufadhili katika chuo cha ualimu cha Avignon. Aliufanya, akashika nafasi ya kwanza.

2. Mwalimu kijana

Mwaka 1842 Fabre alianza kufundisha shule ya Carpentras, akilipwa faranga 700 kwa mwaka, mshahara ambao haukutosha. Miongoni mwa masomo aliyofundisha ulikuwamo upimaji wa ardhi, uliofanyika nje ya darasa. Aligundua kwamba mwanafunzi aliyetumwa kwenda kusimika kijiti cha kupimia aliinama njiani, akaokota kitu na kukinyonya. Ilikuwa asali ya nyuki waashi, wanaojenga viota vya udongo juu ya mawe. Mwalimu mwingine angewaadhibu. Fabre alijiunga nao, kisha akaenda kununua kitabu kikubwa kilichoeleza habari za wadudu. Bei yake ilikuwa sawa na mshahara wake wa mwezi mzima.

Usiku alijifundisha hisabati na fizikia mwenyewe, akapata shahada katika masomo yote mawili. Mwaka 1849 alihamishiwa Ajaccio katika kisiwa cha Corsica kufundisha fizikia. Huko alikutana na mtaalamu wa viumbe aitwaye Moquin-Tandon. Siku moja mgeni huyo alichukua konokono, akamweka katika sahani ya maji, na kwa kutumia makasi na sindano za kushonea tu akamwonyesha viungo vya ndani vya mnyama huyo kimoja baada ya kingine. Fabre hakulisahau somo lile. Alitambua kwamba upungufu wa vifaa si kizuizi ikiwa mkono ni mtulivu na jicho ni makini.

Homa ilimrudisha Ufaransa bara mwaka 1853, akaanza kufundisha mjini Avignon. Mwaka 1855 alipata shahada ya udaktari wa sayansi mjini Paris. Hata baada ya hapo aliendelea kuwa mwalimu wa shule mwenye mshahara mdogo na familia inayokua.

3. Ugunduzi wa nyigu

Wakati huo Fabre alisoma makala ya mtafiti maarufu, Léon Dufour, kuhusu nyigu wa jenasi Cerceris. Nyigu huyo huwinda mbawakawa na kuwaweka kwenye shimo ili wawe chakula cha watoto wake. Dufour alikuta mbawakawa hao hawasogei, lakini hawaozi. Alidhani kwamba wamekufa na kwamba nyigu amewatia dawa ya kuzuia kuoza.

Fabre alikwenda kutazama mwenyewe. Alikaa juani kwa saa nyingi karibu na mashimo ya nyigu, akawachukua mbawakawa na kuwapima. Aligundua kwamba hawakuwa wafu. Walikuwa wamepooza. Nyigu huchoma mwiba wake mahali palipo na vituo vya neva vinavyoendesha miguu. Basi mbawakawa hubaki hai, na ndiyo sababu haozi, ila hawezi kukimbia wala kumdhuru buu wa nyigu anayemla.

Zingatia hapa: Dufour aliona sawasawa kwamba nyama haiozi. Alichokosea ni maelezo. Fabre hakuongeza maelezo mengine ya kubuni, bali alifanya jaribio. Kwa kazi hiyo alitunukiwa tuzo na taasisi kuu ya wanazuoni ya Ufaransa mwaka 1856. Charles Darwin naye alimtaja kwa sifa katika kitabu chake kuhusu asili ya spishi. Wawili hao baadaye waliandikiana barua, ingawa Fabre hakukubaliana na nadharia ya mageuko.

4. Kupoteza kazi

Mwaka 1865 Louis Pasteur alimtembelea Fabre mjini Avignon. Pasteur alikuwa ametumwa kuchunguza ugonjwa wa viwavi wa hariri, lakini alikuwa hajapata kushika kifukofuko cha hariri mkononi. Fabre ndiye aliyemwonyesha.

Katika miaka hiyo Fabre alitafuta pia njia ya kujikwamua kifedha. Alifanya utafiti wa kupata rangi nyekundu safi kutoka mizizi ya mmea uliolimwa kwa wingi katika eneo lile. Alifanikiwa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1860 wanakemia wa Kijerumani waliweza kuitengeneza rangi hiyohiyo maabara, na biashara ya mizizi ikaanguka. Juhudi za miaka mingi zikapotea.

Pigo kubwa zaidi lilitokana na ualimu wenyewe. Waziri wa elimu, Victor Duruy, alimheshimu Fabre, na mwaka 1868 Fabre alipewa nishani ya serikali. Duruy alitaka elimu iwafikie watu wazima na wasichana. Fabre akaanza kutoa masomo ya jioni bila malipo. Katika somo moja aliwaeleza wasichana jinsi ua linavyochavushwa na kurutubishwa. Wewe leo unaulizwa swali hilo katika mtihani bila mtu yeyote kushtuka. Wakati ule baadhi ya viongozi wa dini na wahafidhina walisema kwamba ni aibu kuwafundisha wasichana mambo hayo. Waziri naye alikuwa ameondoka madarakani, hivyo Fabre hakuwa na wa kumtetea. Aliacha kazi, na wenye nyumba aliyopanga wakamfukuza.

Ilikuwa mwaka 1870. Fabre alikuwa na miaka 46, watoto watano, na hakuwa na mshahara. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, aliyekuwa akiishi karibu na Avignon, alimkopesha faranga 3,000 bila kudai dhamana. Kwa fedha hizo familia ilihamia mji wa Orange. Fabre aliishi kwa kuandika vitabu vya shule kuhusu mimea, wanyama, nyota na kemia, akalipa deni lote. Mwaka 1877 alimpoteza mwanawe Jules, kijana wa miaka 16 aliyependa wadudu na mimea kama baba yake.

5. Maabara ya wazi

Mwaka 1879 Fabre alitimiza ndoto yake ya muda mrefu. Alinunua nyumba na kipande cha ardhi katika kijiji cha Sérignan. Ardhi ilikuwa ya mawe na michongoma, isiyofaa kwa kilimo, na watu wa huko huita ardhi ya aina hiyo harmas. Kwa mkulima ilikuwa hasara. Kwa Fabre ilikuwa maabara, kwa sababu nyuki na nyigu hupenda mahali pa namna hiyo.

Mwaka huohuo alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikuu kuhusu maisha ya wadudu, kiitwacho Souvenirs entomologiques. Juzuu ya kumi ilitoka mwaka 1907. Tofauti na wataalamu wengi wa wakati wake, hakutaka kuwachoma wadudu sindano na kuwapanga makabatini. Alitaka kuwatazama wakiwa hai, wakila, wakipigana, wakioana na kufa. Aliandika kwa lugha ambayo hata mtu asiye mwanasayansi angeielewa.

Kimulimuli alimwandikia alipokuwa mzee, baada ya juzuu hizo kumi. Tuyafuate maelezo yake hatua kwa hatua.

6. Kimulimuli hula nini, na namna gani?

Watu wa Ulaya humwita mdudu huyu mnyoo mwenye mwanga. Fabre alianza kwa kulisahihisha jina. Mnyoo hana miguu, ilhali kimulimuli ana miguu sita, hivyo ni mdudu. Hasa ni mbawakawa. Dume huota mabawa kama mbawakawa wengine. Jike hubaki na umbo linalofanana na la buu hadi mwisho wa maisha yake.

Fabre aliweka vimulimuli katika chombo cha kioo chenye majani na konokono wadogo, akangoja. Buu wa kimulimuli ana taya mbili nyembamba zilizopinda kama ndoana, kila moja ikiwa na mfereji ndani yake. Aliona buu akimgusa konokono kwa taya hizo polepole, mara chache tu, kama anayempapasa. Konokono hakushtuka wala hakujikunyata.

Fabre alimwondoa konokono baada ya kuumwa mara nne au tano hivi, akamchoma kwa sindano nyembamba. Hakusogea hata kidogo. Je, alikuwa amekufa? Fabre alimtenga na kumwosha kwa maji. Baada ya siku mbili hivi konokono alizinduka na kutambaa kama kawaida. Basi hakuwa amekufa. Alikuwa ametiwa ganzi, kama mgonjwa anayetayarishwa kwa upasuaji.

Hiyo ni namna. Sasa kwa nini? Konokono mara nyingi hujishikiza juu ya unyasi au ukuta, na kinachomshikilia ni mguu wake laini tu. Akishtuka na kujivuta ndani ya gamba, ataanguka chini na mwindaji atakosa chakula. Ganzi humwacha palepale alipo. Buu humwagia majimaji yanayoyeyusha nyama, kisha huinywa kama mchuzi. Unaona kwamba mmeng'enyo wa chakula huanzia nje ya mwili wake. Mwishowe gamba hubaki tupu, likiwa bado limeganda mahali pake.

7. Taa hufanya kazi namna gani?

Taa ya jike aliyekomaa iko upande wa chini wa ncha ya tumbo. Ina mikanda miwili mipana na, kwenye pingili ya mwisho, madoa mawili madogo. Buu na dume wana madoa hayo mawili tu.

Fabre alichukua kipande cha ngozi ya mkanda akakitazama kwa hadubini. Aliona tabaka jeupe la chembechembe ndogo. Juu yake palikuwa na bomba la hewa lililogawanyika katika matawi mengi membamba, mithili ya kichaka. Kumbuka somo lako la upumuaji: wadudu hawana mapafu, bali hupeleka hewa hadi kwenye tishu kwa mabomba yaitwayo trakea. Kuona trakea nyingi mahali pamoja kulimfanya ashuku kwamba taa inahitaji hewa.

Kushuku si kuthibitisha. Kwa hiyo alifanya majaribio yafuatayo:

(a) Alitenga kipande cha ngozi inayowaka na kukiweka katika mrija wa kioo. Kiliendelea kuwaka kwa muda, ingawa mdudu hakuwapo. Basi mwanga hautegemei uhai wa mdudu mzima, bali kitu kilichomo katika tabaka lile.

(b) Alikiweka kipande katika maji ya kawaida, yenye hewa iliyoyeyuka ndani yake. Kiliwaka.

(c) Alikiweka katika maji yaliyochemshwa ili kuondoa hewa. Kilizimika.

Majaribio (b) na (c) yanatofautiana katika jambo moja tu, nalo ni hewa. Ndiyo sababu Fabre aliweza kuhitimisha kwamba mwanga wa kimulimuli ni matokeo ya kuungana kwa kitu fulani na oksijeni. Ni njia ileile ya mtoto wa Malaval aliyefumba macho na kuacha mdomo wazi.

Alipima pia nguvu ya mwanga huo. Gizani alimpitisha kimulimuli mmoja juu ya mstari wa maandishi ya kitabu. Aliweza kusoma herufi moja baada ya nyingine, na hata neno fupi, lakini nje ya kiduara hicho kidogo hakuona kitu.

8. Taa ni ya nini?

Hapa Fabre aligeukia swali la pili. Alitazama majike usiku. Jike hupanda juu ya mmea, akapinda tumbo na kulielekeza taa zake huku na huku ili mwanga uonekane kutoka pande zote. Dume, ambaye ana macho makubwa, huruka gizani na kuiona. Taa, basi, ni wito wa jike kwa dume.

Je, kishindo kitaizima? Fabre alifyatua bunduki karibu na majike waliokuwa wakiwaka. Hawakuzima. Aliwanyunyizia maji, wakaendelea kuwaka. Aliwapulizia moshi wa kiko. Baadhi walififia au kuzima kwa muda, kisha wakawaka tena. Wito wa kuzaliana haukatishwi kwa urahisi.

Lakini alikuta jambo ambalo maelezo yake hayakulitosheleza. Mabuu huwaka, na mabuu hawaoani. Mayai nayo huwaka, hata kabla hayajatagwa, yakiwa bado ndani ya tumbo la mama. Ikiwa taa ni ya kuita mwenzi, yai linamwita nani?

Fabre hakulazimisha jibu. Aliandika waziwazi kwamba hajui, akaishia hapo. Alikuwa mzee mwenye sifa duniani, na angeweza kubuni sababu nzuri ambayo wengi wangeiamini. Lakini mtu aliyemsahihisha Dufour alijua hatari ya maelezo yanayotangulia ushahidi. Huo ndio uaminifu wa kisayansi.

9. Wengine waliendeleza

Kitu kinachoungana na oksijeni kilikuwa kimeanza kuchunguzwa na Mfaransa mwingine, Raphaël Dubois. Kati ya 1885 na 1887, kwa kutumia mbawakawa wanaowaka na aina ya chaza anayewaka, alionyesha kwamba mwanga huhitaji vitu viwili. Kimoja huharibiwa na joto na kingine hustahimili. Kinachostahimili joto alikiita lusiferini. Kinachoharibika alikiita lusiferasi, nacho ni kimeng'enya. Unakumbuka kwamba vimeng'enya huharibiwa na joto kali.

Mwaka 1947 mwanasayansi Mmarekani William McElroy alionyesha kwamba mwanga wa vimulimuli huhitaji pia ATP, ile molekuli inayobeba nishati katika seli. Leo mmenyuko wenyewe huelezwa hivi: lusiferini hutumia nishati ya ATP na kuungana na oksijeni kwa msaada wa lusiferasi na magnesiamu. Hutokea kaboni dioksidi pamoja na molekuli iliyojaa nishati. Molekuli hiyo inapotulia, huitoa nishati yake kwa umbo la mwanga. Joto linalotoka ni dogo sana, ndiyo maana mwanga huu huitwa mwanga baridi. Balbu ya kizamani, kwa upande wake, hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake kwa joto.

Hata fumbo la buu limepata jibu. Mabuu wa kimulimuli wana ladha mbaya na sumu. Majaribio yameonyesha kwamba chura hujifunza kuepuka windo linalowaka. Taa ya buu ni onyo kwa adui. Ungekuwa umelazimisha jibu moja kwa taa zote, ungekosea.

Matumizi nayo yamepatikana. Kwa kuwa mwanga hautokei bila ATP, na kila seli hai ina ATP, mchanganyiko wa lusiferini na lusiferasi hutumika kupima kama vyombo vya viwanda vya chakula na vya hospitali vimesafishwa vizuri. Vikiwaka sana, kuna mabaki ya seli.

10. Mwisho wa maisha yake

Heshima ilimfikia Fabre kwa kuchelewa. Mwaka 1910 marafiki na wanasayansi walimfanyia sherehe kijijini Sérignan. Mwaka 1913 rais wa Ufaransa, Raymond Poincaré, alimtembelea. Fabre alifariki tarehe 11 Oktoba 1915, akiwa na miaka 91. Nyumba na bustani yake leo ni makumbusho.

Waswahili husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fabre aliinama, kwa maana halisi ya neno hilo, kwa zaidi ya miaka 60. Alifukuzwa kwa kufundisha ukweli, akaishi kwa kuandika vitabu vya wanafunzi kama wewe. Ukiingia chumba cha mtihani ukakuta swali la kueleza namna, eleza hatua. Ukikuta swali la kueleza sababu, toa sababu pamoja na ushahidi wake. Na pale ushahidi unapokoma, nawe koma.

Mambo ya kukumbuka

- Kimulimuli si mnyoo. Ni mbawakawa wa familia ya Lampyridae.
- Mwanga wake huhitaji lusiferini, lusiferasi, ATP, magnesiamu na oksijeni.
- Taa ya jike humwita dume. Taa ya buu humwonya adui.
- Katika jaribio, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Maswali ya marudio

1. Taja kazi mbili za kujikimu alizofanya Fabre kabla ya kuingia chuo cha ualimu. (alama 2)
2. Jaribio la jua alilofanya Fabre utotoni linafanana vipi na jaribio la maji yaliyochemshwa? (alama 4)
3. Eleza jinsi buu wa kimulimuli anavyomshinda konokono, kisha eleza kwa nini njia hiyo inamfaa. (alama 6)
4. Dufour na Fabre waliona jambo lilelile kwa nyigu lakini wakatofautiana. Walitofautiana katika nini? (alama 3)
5. Kwa nini ukweli kwamba mayai na mabuu huwaka ulikuwa tatizo kwa maelezo ya Fabre? (alama 3)
6. Kwa kurejelea mambo matatu katika wasifu huu, onyesha kwamba Fabre alikuwa mwaminifu na mvumilivu. (alama 6)
7. Andika wasifu wa mwalimu yeyote unayemfahamu, ukionyesha alitaka nini, alizuiwa na nini, na ameacha nini. (alama 20)